Muhogo Niliomrembea Mkaguzi

Nichekeni tu, mimi kujicheka nimeshachoka. Mkaguzi wa skuli alikuwa anatoka Unguja kuja kuliona darasa langu hapa Chake Chake. Nilitayarisha mche wa muhogo ndani ya debe, lakini majani yake yalijaa vumbi, nami sipendi mgeni anikute ovyo. Tangu juzi yake nikawa nayapaka mafuta ya nazi, juu na chini, kama mtoto anayekwenda sikukuu.

Siku ilipofika nikafundisha kwa mbwembwe. Jani, nikasema, lina hatua mbili, kama mchota maji na mpishi. Wa kwanza hukamata nguvu ya jua akampelekea mwenzake kwa ndoo. Wa pili huchanganya nguvu ile na hewa inayoingia kwa vitundu vidogo vya jani, akapika sukari, kisha hurudisha ndoo tupu zikajazwe tena.

"Mpishi akikosa hewa, ndoo hazirudi, na mchota maji naye hukaa bure!" nikamalizia.

Nikachemsha jani, nikalitoa rangi kwa spiriti, nikalidondoshea ayodini, dawa ya kupimia wanga. Lilitakiwa ligeuke jeusi kwa wanga unaotokana na sukari ile. Likabaki rangi ya chai.

"Labda leo jua halijakolea," nikasema, jasho linanitiririka.

Bwana Mkaguzi akainamia sufuria niliyochemshia. Mafuta yalikuwa yanaelea juu kama mchuzi. Akanusa.

"Mwalimu Asha, jani hili umelipaka mafuta?"

"Kidogo, Bwana. Lipendeze."

"Juu na chini?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akawageukia wanafunzi. "Haya, nani atatwambia mpishi wetu kazibwa pua na nani?"

Mikono yote ikapanda, hata ya wale ambao tangu mwaka uanze hawajanijibu swali.