Miezi Minne na Wana wa Kaka

Wiki jana mwana mdogo wa kaka yangu alikuja kwangu Donholm kunitengenezea soketi. Siku hizi ni fundi wa stima, na ilimbidi ainame kidogo kupita mlangoni. Nilipomtazama akivua viatu, nikajikuta nimerudi mtaa wa Baba Dogo, kwenye ile ploti ya vyumba vya mabati alikopanga kaka yangu.

Alikuwa na miaka mitatu, na ndugu yake mkubwa miaka sita, mama yao alipolazwa kwa maradhi ya kifua. Daktari alisema watoto wasimkaribie kwanza. Kaka alikuwa kiwandani tangu alfajiri, kwa hiyo nikabeba cherehani yangu nikahamia kwao. Sikuwa nimeolewa, wala sikujua hata kumkata mtoto kucha.

Nilijifunza, rafiki yangu. Nilijua mkubwa hali sukuma wiki mpaka umwambie ndiyo chakula cha magolikipa, na mdogo halali mchana bila mlio wa cherehani. Asubuhi, mafundi wa vyuma wakianza kugonga, sisi tulikuwa tayari kwenye foleni ya maji. Jumapili nilipika chapati, wakaigombania ile ya kwanza, iliyoungua.

Mwezi wa tatu wa kukaa nao, nikiwa nafua, mdogo akaniita mama. Sitakuficha: nilifurahi mno, nikanyamaza makusudi nisikie kama ataniita hivyo tena. Kisha nikamkumbuka nyanya yetu, aliyezoea kusema kwamba mlezi mwema hamsahaulishi mtoto mlango wa kwao. Nikafuta povu mikononi, nikampakata.

"Mimi ni anti yako," nikamwambia. "Mama anapona, atarudi."

Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kula tulimtaja mama, kisha tukaimba wimbo wake wa kanisani, ule aliokuwa akiuimba akisonga ugali.

Siku aliporudi, wifi yangu alisimama getini, amekonda, akiogopa kunyoosha mikono. Mkubwa alimkimbilia. Mdogo alijificha nyuma ya leso niliyojifunga kiunoni.

"Amenisahau," wifi akasema kwa sauti ndogo.

Nikamwambia hajasahau. Nikainama, nikamuuliza mtoto mama huimba nini. Akaanza polepole, macho chini, na wifi akaupokea wimbo kwa sauti iliyokatikakatika. Ubeti haujaisha, mtoto alikuwa ameiachia leso yangu. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikarudi kuwapikia chai.

Ile ploti sasa ni ghorofa. Majirani waliotuazima jiko wametawanyika, wengine Mathare, wengine wamerudi mashambani, na hakuna tena mtoto wa kunidandia mgongoni. Watu huniuliza kama sikuumia kuwarudisha. Niliumia. Lakini vijana wale wana mama yao, mama yao anao, na mimi pia ninao. Namshukuru Mungu, hakuna kati yetu aliyepungukiwa.