Sebule ya Patasi

Baba yake ndiye aliyempachika jina la Patasi, akisema ulimi wa mtoto huyu unachonga hata mbao kavu. Naye akakua akawa mchonga sanamu kweli, ingawa ulimi haukupungua makali.

Mama yao alipofariki, nyumba ilibaki ya Patasi na kaka yake. Patasi aliishi humo. Kaka alikuwa na mji wake kwingine, yeye na mkewe. Figo za kaka zilipogoma na madaktari wakasema apandikizwe nyingine, hapakuwa na la kujadili. Nyumba iuzwe. Patasi mwenyewe ndiye aliyemtafuta dalali.

Vyombo vikatangulia: makochi, kabati la vikombe, meza ya kulia. Asubuhi moja Patasi alisimama sebuleni na fagio mkononi, akashangaa ukubwa wa chumba. Miaka yote alichongea kwenye kibaraza cha nyuma, tena vinyago vya kukaa kwenye rafu. Akaburuta mbao ndani, akaanza kuziunga na kuzichonga: mama yake ameketi chini, miguu kainyoosha, mikono kaitanua kama anayempokea mtoto anayejifunza kutembea.

Akanogewa. Chai ilipoa jikoni asikumbuke kuinywa. Na aibu ilimshika, maana hakuwahi kuchonga kitu kizuri hivyo, na alikuwa anakichonga katika nyumba inayouzwa ili mtu apone.

Kaka alikuwa akimpigia simu.

"Mdogo wangu, umefika wapi?"

"Dalali hajaleta mtu wa maana."

"Sikuulizi ya dalali mimi. Nakuuliza mama. Ana masikio?"

"Moja."

"Linatosha. Hata zamani alisikia la upande mmoja tu, upande wako."

Wakacheka wote wawili.

Miezi ikapita. Siku moja wifi yake, mke wa kaka, akaja bila taarifa. Akasimama kuitazama sanamu, maana hata kiti cha kumkaribishia hakikuwepo.

"Wifi, mnunuzi alipatikana zamani," akasema. "Kaka yako ndiye aliyemwambia dalali amzungushe. Alisema mwache amalize, sebule kama hii hataipata tena. Nimenyamaza mpaka nimechoka. Jana miguu yake imejaa maji, viatu haviingii."

Patasi aliweka nyundo chini, akampigia dalali papo hapo.

Mnunuzi alitaka nyumba tupu wiki ileile. Sanamu haikupita mlangoni. Mikono ilizidi upana wa fremu. Dalali akashauri fremu ing'olewe, mnunuzi akakataa katakata: mlango ni wake sasa. Patasi akachukua msumeno, akaikata mikono mabegani. Hakukubali kusaidiwa.

Kaka alilazwa, lakini mwili ulikuwa umedhoofu mno. Madaktari wakasema hatauhimili upasuaji.

"Kwa nini hukuniambia?" Patasi akamuuliza kando ya kitanda.

"Ungeacha kazi."

"Ndiyo, ningeacha!"

"Ndiyo maana."

Walimzika kabla mvua hazijaanza.

Sasa Patasi amepanga chumba nyuma ya duka la fundi cherehani. Sanamu imeegemea ukutani, mikono iko chini ya kitanda. Watu wa maonyesho wamekuja, wakaisifu, wakamsihi aiunganishe. Huwajibu, "Bado." Wakishaondoka hurudi kwenye miiko anayochonga kwa ajili ya kuuza, na maranda yake yote hutosha kwenye kiganja kimoja.