Kopo la Simu la Glenys Ormerod

Glenys Ormerod akishika gazeti huanza na tarehe, ahakikishe kwamba hapo angalau hawajadanganya. Ndipo hushuka kwenye habari zenyewe, kalamu mkononi, akipigia mstari kila palipoandikwa kwamba duru za karibu na Waziri Mkuu zinasema hivi na vile.

"Duru gani hizo, Saumu?" huniuliza, utadhani nimezificha mimi kwenye mkoba. "Mwenye jina hasemi, na anayesema hana jina."

Alikuwa mpishi wa shule hapa mjini Harbeck mpaka alipostaafu, na ukatibu wa tawi la chama chetu ameushika tangu kabla mimi sijahamia. Baba yake alichimba makaa ya mawe. Wakati wa mgomo mkubwa kulikuwa na mtu ndani ya kamati yao aliyepeleka maneno kwa wakubwa wa mgodi, na mzee alikufa bila kumjua. Siku ya mazishi Glenys aliwatazama waliobeba jeneza mmoja mmoja. Mpaka leo hana hakika kwamba msaliti hakuwa miongoni mwao. Kikulacho ki nguoni mwako. Yeye nguo zake huzikagua kila asubuhi.

Mtu mmoja tu alikuwa nje ya ukaguzi huo, naye ni Roy Catterall. Roy alikuwa mpiga picha wa gazeti la hapa mjini mpaka lilipofungwa. Kila uchaguzi waligawa vipeperushi pamoja, yeye upande mmoja wa mtaa na Glenys upande wa pili, wakitukanana katikati ya barabara kuhusu nani ameng'atwa na mbwa wengi zaidi. Wote wawili walikuwa wamefiwa na wenzi wao. Mji mzima ulisubiri harusi mpaka ukachoka.

Sasa, mwaka ule kule London maneno yalikuwa mengi. Wabunge wa chama chetu walikuwa wakimpigia Kiongozi, yaani Waziri Mkuu, makofi bungeni na kumchimba kwenye migahawa. Mwenye kutaka kiti chake alikataa kwamba anakitaka, na kila aliyekataa tulimhesabu. Katika kila karamu ya tawi, mji huu au ule, mbunge akiropoka kidogo tu, kesho yake maneno yanasomwa nchi nzima, kwa kuwa kuna mtu alikuwa na simu chini ya kitambaa cha meza. Basi ilipofika karamu yetu ya kila mwaka ya pai za nyama na njegere za kuponda, Glenys alisimama mlangoni pa ukumbi wa kanisa na kopo kubwa la biskuti.

"Simu humu," alimwambia kila aliyeingia. "Biskuti zimekwisha, msijisumbue kuchungulia."

Sote tulitii. Roy peke yake alikataa.

"Joanne yuko leba, Glenys. Simu siiachi."

"Kila mtu ana mtoto, Roy."

"Si kila mtu ana binti anayejifungua leo."

Akampisha, lakini nilimwona akimsindikiza kwa macho mpaka jikoni. Huko Roy alichukua pai yake akaanza kuila kabla hajaketi, ikamuunguza ulimi kama inavyomuunguza kila mwaka.

Glenys akafunga madirisha, akavuta mapazia, akatazama mpaka chini ya meza ya bahati nasibu, ambako palikuwa na ile chupa ya mvinyo mtamu ya kila mwaka. Nadhani chupa hiyo huzunguka tu, maana sijaona mshindi aliyeifungua. Kisha mbunge wetu, Simon Thackray, akasimama kuhutubia. Ni mtu mzuri wa sura, anayekushika mkono kwa mikono yake yote miwili huku akimtafuta kwa macho mtu mwingine aliye muhimu kuliko wewe. Waliokaa meza za nyuma wakalalamika kwamba hawasikii. Glenys akaenda mwenyewe ukutani, akabonyeza swichi ya kipaza sauti cha kanisa.

"Huko nyuma mnapata sasa?"

"Tunapata."

Thackray akashusha sauti, kama mtu anayetupenda. "Tuko wenyewe hapa?"

"Tuko wenyewe, Simon," Glenys akasema. "Hata nzi nimemkagua."

"Basi niwaambie ukweli. Kiongozi wetu ni mtu mwema sana. Lakini hawezi kuongoza hata foleni ya basi."

Tulicheka, nami nilicheka. Roy hakucheka, kwa sababu wakati huo alikuwa akitoka nje na simu sikioni.

Jumatatu maneno hayo yalikuwa ukurasa wa mbele wa gazeti moja la London, neno kwa neno, na foleni ya basi imechorwa kabisa. Magari ya televisheni yakajaa mbele ya kanisa. Waandishi wakabisha kwa Glenys, naye akafungua mlango ili awaambie kwamba hana la kusema, jambo lililorushwa taarifa ya habari baada ya taarifa ya habari. Thackray akahojiwa akiwa na tai mpya. Alisema amesalitiwa na mtu mdogo mwenye wivu, na kwamba anamuunga mkono Kiongozi kikamilifu. Siku iliyofuata jina lake likatajwa kati ya wanaoweza kumrithi. Ningekuwa mimi wa kumshuku mtu, ningeanza na huyo mwenye tai.

Lakini Harbeck nzima ilimtazama Roy. Nani aliyekuwa na simu? Nani aliyekula mshahara wa gazeti ujana wake wote? Nani aliyetoka nje wakati wenzake wakicheka? Hata mimi nilijiuliza, nisijifanye malaika. Glenys hakujiuliza. Yeye alikuwa na jibu tayari, na lilimuumiza sana. Roy alipomletea kwenye simu picha ya mjukuu aliyezaliwa usiku ule, Glenys aliitazama kwanza simu, mbele na nyuma, ndipo akamtazama mtoto. Jumamosi yake aligawa vipeperushi pande zote mbili za mtaa peke yake.

Makao makuu ya chama yakamleta mwanamke mmoja, Imogen Farrar, kuja kumsafishia Thackray njia. Alitaka msaliti mwenye jina, na alitaka apatikane kabla ya taarifa ya habari ya jioni. Kikao kikawekwa Jumanne iliyofuata, mchana, ukumbini pale pale. Mimi sikwenda, nilikuwa kazini. Nalea wazee katika nyumba iliyo ng'ambo ya barabara kutoka kanisani, ghorofa ya juu, kwa wale wasioweza kutoka kitandani. Siku hiyo mwenzangu wa chini aliumwa, nikashushwa sebuleni.

Niliingia na sinia ya chai, nikakuta wazee wamejipanga mbele ya televisheni, kimya, jambo lisilo la kawaida. Kwenye kioo alikuwa Glenys Ormerod, akionekana kutoka juu, utosi na mabega.

"Jisogeze, Saumu, unatuziba," akasema Bi Elsie Whittle, aliyekuwa na kiti cha mbele kwa haki ya umri. "Wanamfukuza yule mpiga picha."

"Hii ni nini, Bi Elsie?"

"Kanisa. Walituwekea kamera kule wakati wa ule ugonjwa, tulipofungiwa humu. Jumapili ibada, siku nyingine chochote. Mtu akiwasha kipaza sauti tu, sisi huku tunapata."

Nikaweka sinia chini.

"Na ile jioni ya pai?"

"Tuliipata yote. Ile ya foleni ya basi nilimsimulia mjukuu wangu alipokuja Jumapili yake, yule anayeandika gazeti London. Hata keki hakuimaliza, aliondoka mbio."

"Bi Elsie, ile ilikuwa siri."

"Siri gani, mama, na imo kwenye televisheni?"

Nikampigia Glenys. Kwenye kioo nikaliona lile kopo la biskuti likitetemeka juu ya meza, maana simu yake nayo ilikuwa humo, na Glenys akaliwekea kiganja ili linyamaze. Alikuwa akiongea.

"Simu zote zilikuwa humu isipokuwa yako, Roy. Na kipaza sauti nimekiwasha makusudi, usije ukasema hukusikia."

"Nimesikia."

"Basi niambie ni nani mwingine."

"Miaka yote tumelowa mvua moja, Glenys. Unaniuliza kama polisi?"

"Ningekuwa polisi isingeniuma."

Roy akatoa kadi yake ya uanachama, akaiweka juu ya kopo. Sikungoja zaidi. Nilivuka barabara na aproni yangu, gari likanipigia honi, nikalipigia kelele. Nilimkuta Roy mlangoni anavaa kofia, nikamshika mkono, nikayasema yote hapo hapo huku nahema. Nilisema wazee wanaona, Bi Elsie alisikia, mjukuu ndiye aliyeandika, na Roy hamo.

Wote wakainua macho. Juu ya mlango wa jikoni kulikuwa na kisanduku kidogo cheusi, na taa yake nyekundu inawaka. Tumekula pai chini yake tangu ule ugonjwa uishe, na hakuna aliyewahi kukiulizia.

"Nani alikiwasha jioni ile?" Imogen Farrar akauliza.

Glenys alikuwa ameifikia swichi ukutani, mkono wake uko juu yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini sijawahi kumwona mtu akiingia polepole namna ile, uso ukibadilika kidogo kidogo.

"Zima kwanza," Imogen akasema. "Halafu tukubaliane nje tutasema nini."

"Iache," Glenys akasema. Akasogea mpaka chini ya kisanduku. "Elsie, na nyote mlio na Elsie. Roy Catterall hakutoa neno. Nilitoa mimi, kwa mkono huu. Na baada ya hapo nikamsingizia yeye, mbele yenu."

Alipogeuka, mlango ulikuwa unajifunga wenyewe. Roy alisikia kila neno, maana sauti ilifika mpaka ngazini, na alizishuka zile ngazi bila kutazama nyuma.

Mambo ya London yaliisha kama yanavyoisha. Kiongozi hakung'olewa, Thackray akapewa wizara ili anyamaze, na gazeti halikumtaja Roy kabisa, si kwa wema wala kwa ubaya. Sisi wa tawi tulimwendea nyumbani kumwomba arudi. Alituandalia chai, akatuonyesha mtoto, akasema hana kinyongo. Hakurudi.

Lakini karamu ya mwaka uliofuata, nikiwa zamu, nilimkuta sebuleni kwetu, ameketi kando ya Bi Elsie, anatazama.

"Si uvuke barabara tu, Roy," nikamwambia.

"Hapa nawaona vizuri zaidi."

Kwenye kioo Glenys alipita na sahani, akasimama, akainua uso kuelekea kisanduku mbele ya ukumbi mzima. "Roy, wamekuona ukiingia kwa Elsie. Pai yako naitoa jikoni sasa hivi."

Glenys alifika sebuleni amevaa koti, sahani imefunikwa kwa kitambaa, mvuke unatoka pembeni. Wazee wakampisha. Roy akashukuru kwa adabu, akaiweka sahani magotini. Safari hii pai hakuiuma mara moja. Alichukua uma, akainua kifuniko cha pai taratibu, akainama akachungulia ndani, upande huu na upande ule, kisha akakirudisha na kuanza kula.

Glenys alimwona. Alisimama pale na koti lake mpaka sahani ilipokuwa tupu, akaichukua, akarudi nayo kanisani.