Lenzi ya Nta

Baba yangu alikuwa mwashi. Macho yake yalianza kufifia miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa na vitu vya nje vikajaa sokoni Korogwe. Uzi wa kupangia matofali hakuuona tena, na watu walishaanza kunong'ona. Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu: birika refu la kunyweshea ng'ombe kwa wafugaji wa Handeni. Likipinda, maji yatamwagika upande mmoja na baba hataitwa tena na mtu.

Mimi nilikuwa fundi redio, mwanamke mwenye mikono mizuri na subira haba. Nilinunua kitochi cha leza, kimoja cha vile vya kuning'iniza kwenye funguo, nikakipasua. Dayodi, ile punje inayotoa mwanga, nikaitia kwenye kipande cha bomba la shaba na kuiunga na betri za redio. Taabu ilikuwa lenzi. Ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, na ikisogea upana wa unywele tu, doa jekundu la mwanga linahama vidole viwili hatua kumi mbele. Nikaishika kwa nta ya nyuki. Kwetu nta ndiyo dawa ya kila kitu: tunazibia mitungi, tunakazia mipini, hata koili za redio nilizifunga kwa nta. Kwenye kibanda changu doa lilikaa siku mbili bila kutikisika, nikajiona bingwa.

Handeni tulipima usawa kwa mpira uliojaa maji, ambayo hukaa kimo kimoja ncha zote mbili. Nikafunga bomba juu ya kigingi, na ng'ambo nikasimamisha kijiti chenye alama ya mkaa ambapo doa lilipaswa kutua. Baba alikuwa na kibao chenye mstari. Alikisimamisha juu ya kila tofali, doa likigonga mstari anasonga mbele. Doa aliliona akiwa karibu, ila kijiti cha mbali hakukiona.

"Liko palepale?" aliniuliza kila baada ya muda.

"Liko palepale, baba," nilijibu kutoka kivulini, nikichokonoa redio ya wenyeji wetu. Mara ya tano nikamjia juu: "Baba, si nimekwambia? Haliendi popote!"

Akaendelea kupanga.

Adhuhuri mzee mmoja wa wafugaji alikuja kutujulia hali. Nikamwamkia. Alichuchumaa akautazama ukuta, kisha akamwambia baba kwa upole, "Fundi, ukuta wako umeinama kama ng'ombe anayekunywa."

Nilikimbilia kwenye kijiti. Doa lilikuwa kiganja kizima chini ya alama. Niligusa bomba, likaniunguza. Nta ilikuwa imelainika juani na lenzi imeshuka nayo. Niliona aibu.

Baba alipitisha mkono juu ya matofali, mwanzo hadi mwisho. "Mkono uliniambia," alisema. "Lakini wewe ulisema liko palepale."

Tulibomoa mistari mitatu saruji ikiwa bado mbichi, tukayaosha matofali. Mzee alisema ng'ombe wamezoea kungoja mvua, wataungoja na ukuta.

Jioni ile nilikwangua nta yote. Nyuma ya lenzi nikatia springi ya kalamu, mbele nikaibana kwa pete ya shaba yenye nyuzi, ya kukaza kwa kuzungusha. Asubuhi nililiacha bomba juani hadi likapata moto wake wote, ndipo nikalenga.

Baba akashika mwiko. Kwenye tofali la tatu akauliza, safari hii kwa sauti ya chini, "Liko palepale?"

Niliinuka, nikaenda hadi kwenye kijiti, nikaweka kidole kwenye alama. Kidole kikawa chekundu. "Liko palepale, baba." Nilikwenda hivyo kila alipouliza, mpaka tofali la mwisho.

Siku maji yalipotiwa, baba alitembeza vidole ukingoni, ncha hadi ncha, maji yakimlowesha sawasawa kote. Alishajua. Hata hivyo alinigeukia akauliza, "Yamekaa sawa?"

Nikalizunguka birika lote kabla ya kumjibu.