Kesi ya Nusu ya Uso wa Mama

Mimi ni mchora mabango pale Same. Ukishuka stendi ukaona kuku aliyenona kwenye ukuta wa mgahawa, au kichwa cha mwanamume aliyenyolewa vizuri kuliko mtu yeyote mjini, ujue ni kazi yangu. Kwenye mabango hakuna giza, maana mteja hataki kuku wa gizani. Ndiyo maana mama alipokaribia kutimiza miaka themanini nikasema, huyu sasa nitamchora kwa raha zangu.

Nilipanda mlimani, kijijini kwetu Shighatini, nikakaa naye jikoni siku tatu. Alikaa pale anapokaa siku zote, kwenye kigoda karibu na mlango, makande yakichemka nyuma yake. Mwanga wa mlangoni ulimpiga shavu moja. Upande wa pili ulizama kwenye moshi na giza la jiko. Nikamchora vile vile nilivyomwona. Nilijivuna, nisiseme uongo.

Siku ya sherehe nikaifunua picha mbele ya ukoo. Mama aliitazama kidogo tu, akageuza uso, akasema, "Umenizika upande mmoja."

Jamani, sisi Wapare na kesi! Kwa wengine neno kama hilo lingepita. Kwetu, hata sahani hazijaoshwa, baba mdogo ameshakaa kama hakimu, dada yangu mkubwa kasimama upande wa mama, na mimi natakiwa nijibu kwa nini nimemtia mzazi wangu gizani angali hai. Nikajitetea kwa habari ya mwanga, nikajitetea kwa habari ya mlango. Baba mdogo akauliza swali moja: "Mama yako ana macho mangapi?" Nikasema mawili. "Hapa tunaona moja." Hukumu ikatoka: nikamalizie uso.

Nikakataa. Nina kichwa kigumu, nimekirithi kwa huyo huyo mama. Picha ikafunikwa kanga, ikasukumwa nyuma ya kabati, na kesi ikabaki wazi miaka mitatu. Mama alinipikia, alinitania, aliniombea, ila lile neno hakulifuta. Nami kila nilipoteremka mlima nilikuwa na hofu moja tu: atakufa akiamini kwamba mwanawe alimwona nusu maiti.

Binti yangu anasomea unesi Uholanzi. Mwaka jana alinialika, na siku moja akanipeleka kwenye majumba mawili ya makumbusho kuona picha za mchoraji wao mmoja wa kale. "Baba, huyu lazima umwone," alisema. Jumba la kwanza lilifurika watu, nikaona migongo zaidi ya picha. Katika la pili, kwenye picha ya chumba cha pembeni, nilimkuta bibi kizee mwenye kitambaa cheupe kichwani. Shavu moja liko mwangani. Upande wa pili ni giza tupu.

"Yalaa!" nilisema kwa sauti, mpaka mlinzi akageuka. Nikasimama, nikasubiri. Polepole lile giza likaanza kufunguka: likatokea sikio, kisha unyevu wa jicho. Machozi yalinitoka na sioni aibu kusema. Kumbe sikuwa na wazimu. Yule mchoraji alikufa zamani za kale, makande hakuyajua, lakini alitazama kama nilivyotazama mimi.

"Mpigie bibi yako," nilimwambia binti. Dada yangu akapokea simu ya video kule nyumbani, akampa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko wapi, mbona pako kimya kama kanisani?"

Binti akaielekeza simu kwenye picha. Mama akaguna. "Huyo bibi alimkosea nini mchoraji?"

"Hakumkosea kitu, mama. Watu wanapanga foleni kuja kumwona."

"Na ukoo wake haukumshitaki?"

"Wa kwake siujui. Tazama ule upande wa giza. Usiharakishe."

Akaisogeza simu karibu na uso mpaka nikaona paji lake tu. Kisha akasema, "Ana jicho. Lipo humo ndani."

"Na lako lipo, mama."

Nikasikia kabati linaburuzwa na dada analalamikia vumbi. Waliibeba picha hadi mlangoni penye mwanga. Mimi kwenye simu niliona miguu ya mama tu. Nilimshika binti mkono. Nikasikia sauti ya mama, ndogo kabisa: "Ee Mungu wangu. Kumbe uliliweka."

Nilishusha pumzi niliyoibana miaka mitatu. Baba mdogo aliifuta kesi Jumapili iliyofuata, ingawa alinung'unika kwamba mshitakiwa hakuwepo.

Niliporudi niliikuta picha sebuleni, imetundikwa mkabala na mlango. Siku hizi mgeni akiingia, kabla hata hajapewa kiti, mama anamvuta mkono na kumsimamisha mbele ya picha.

"Usiitazame upesi," anamwambia. "Subiri kwanza. Nimo humo, mzima kabisa."