Mume Wangu Aliniita Dada

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, ili nikifika mwisho awe ameshamaliza. Sikuhadithiwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, na Kariakoo imejaa watu pomoni.

Mume wangu, Baba Zuhura, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana moja mtaa wa Gerezani. Miaka kumi na nne tulikaa vizuri. Mimi napika maandazi ya kuuza sokoni. Kila alfajiri natwanga iliki, na harufu yake imeniingia mpaka kwenye nywele. Zamani akirudi kazini alikuwa ananiwekea pua shingoni, anavuta, kisha ndiyo anasalimia. Mwaka ule akabadilika. Nikivaa dira jipya, haoni. Nikisuka, haoni. Jioni anakaa kimya, uso ameugeuzia ukutani, nikimsogelea anasema amechoka. Wewe ungefikiri nini? Na mimi nilifikiri hivyo hivyo. Nikajua kuna mwanamke.

Jirani akanielekeza duka la manukato, mtaa wa pili kutoka sokoni. Muuzaji, binti mwenye maneno matamu, akaninusa bila aibu.

"Da'angu, mbona unanukia jiko? Chukua hii, ina feromoni. Ni ile harufu ya mwili inayomvuta mwanaume bila mwenyewe kujua. Hata kipofu atakufuata."

"Kweli inafanya kazi?"

"Jaribu tu, utakuja kunishukuru."

Nikajaribu. Kesho yake nilioga mara mbili, nikajisugua kwa dodoki mpaka iliki yote ikatoka, nikajipaka shingoni na nyuma ya masikio. Nikamfungia chakula chake cha mchana kwenye hotpoti, nikashika njia ya Gerezani. Kwa haraka hata simu niliisahau kwenye chaji.

Na niamini, wanaume waligeuka. Msukuma mkokoteni mmoja alisimama katikati ya njia: "Sista, leo umetuua!" Hadi leo najiuliza, ilikuwa ile chupa, au ni vile nilivyokuwa natembea, kichwa juu, kama niliyeolewa jana? Nani asingegeuka?

Nilipokaribia Gerezani nikamwona Baba Zuhura anakuja. Ovaroli yake ileile ya bluu, mkono mmoja unapapasa ukuta wa maduka. Moyo ukaruka kwa furaha. Kumbe inavuta kweli, imemtoa mpaka kazini!

"Baba Zuhura!"

Akasimama. Akanyanyua pua, akavuta hewa, kisha akatikisa kichwa.

"Samahani, dada. Sauti yako nimeifananisha na ya mke wangu."

Dada! Nikacheka kidogo, nikidhani ni utani wake wa zamani umerudi.

"Namtafuta," akaendelea kwa unyonge. "Nimepita nyumbani, nikakuta harufu ngeni. Sokoni pia hayupo. Yeye ananukia iliki. Hujamwona? Nataka kumuaga tu."

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikufichi. Nikaona ananifanyia kejeli mbele za watu, baada ya kujihangaisha kote kule. Nikamwambia, "Basi nenda ukamtafute huyo wa iliki wako!"

Nikampita.

"Asante, dada," nikamsikia nyuma yangu.

Tulipopishana mabega yetu yalikaribia kugusana, na kuna kitu nilikitambua baadaye sana. Mume wangu miaka yote alinuka chuma kilichoungua, hata akioga. Siku ile hakunuka kitu.

Karakanani nilikuta watu wamekusanyika. Shabani, fundi mwenzake, alinipokea ile hotpoti kwanza ndipo akasema. Umeme ulikuwa umempiga Baba Zuhura, yapata saa nzima iliyopita. Walinipigia simu haikupokelewa. Alikuwa amelala pale sakafuni, wamemfunika turubai, wanasubiri gari.

"Nimetoka kuongea naye sasa hivi!" nilipiga kelele. Wakanishika, wakasema ni mshtuko. Nikaenda mwenyewe nikafunua.

Msibani ndipo Shabani akaniambia kilichokuwa kinamsibu mwenzake. Moto wa kuchomelea ulikuwa umemla macho. Mwaka mzima alikuwa anaona vivuli tu, na alinificha kwa kuogopa kuwa mzigo kwangu. Alimwambia Shabani, "Hata nikipofuka kabisa, mke wangu nitamjua kwa iliki."

Hakukuwa na mwanamke. Kama hakuliona dira langu, ni kwa sababu macho yalishindwa kuliona.

Nikakaa eda. Mjane haruhusiwi manukato miezi minne na siku kumi, na wenzangu walinihurumia kwa hilo. Hawakujua kwamba mimi ndicho nilichokitaka. Nilitwanga iliki asubuhi na jioni, nikajipaka hadi mikononi, nikaacha mlango wazi nikisubiri. Eda ikaisha, mwaka ukapita, na mwingine. Hakuja. Nilimwambia aende, akaenda.

Ukiniuliza kama feromoni inavuta watu, nitakujibu sijui, kawaulize wale waliogeuka njiani. Ninachojua ni kwamba alikuwepo mtu mmoja aliyenijua kwa jasho langu na jiko langu, nami nililisugua jasho lile kwa dodoki nikalimwaga na maji. Ndugu yangu, mwenzako akiacha kukutazama, usikimbilie dukani. Kaa naye, umuulize anaumwa wapi.