Kijiti cha kuzima kwa simu, na simu yenyewe ni ya mume

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe hapa Ifakara, sijasimuliwa. Nimechoka na nina hasira, mnivumilie.

Nina mtoto mmoja, naishi Viwanja Sitini. Nilipojifungua nilivuja damu mpaka nikaongezewa. Daktari akasema nipumzike kuzaa, nikawekewa kijiti cha uzazi wa mpango mkononi.

Juzi watafiti walituita wanawake na waume zetu tutoe maoni kuhusu kijiti kipya. Hiki kina chip na betri. Kinatoa dawa kidogo kidogo kila siku, unakiwasha na kukizima kwa app. Ukitaka mtoto unazima tu, huchanwi.

Nikasema hii ndiyo yenyewe!

Fomu ikaja: "Namba ya smartphone." Mimi natumia kitochi, simu ya vitufe. Nikajaza ya mume wangu, baba Neema, kwa mkono wangu. Wala sikuwaza, si ndivyo tunavyojaza kila fomu?

Basi app ya majaribio ikaingia kwenye simu yake. Mezani kuna kijiti cha mfano, kinawaka taa ya kijani. Mwanaume akabonyeza. Taa ikazima.

"Haya mama Neema, jiandae, dume linakuja!"

Ukumbi mzima kicheko. Hadi wanawake wenzangu: "Shemeji hataki utani!"

Nikanyoosha mkono. "Samahani dada, akizima mimi nikiwa shamba, nitajuaje?"

Dada wa utafiti akafungua daftari. "Swali zuri. Tunaliandika."

Mnaliandika. Damu ni yangu.

Mwisho walitaka sahihi ya walio tayari kuwekewa kikianza. Sikusaini.

Njiani baba Neema anasukuma baiskeli, mimi nyuma na mtoto mgongoni. "Umeniaibisha. Nilikuwa natania."

"Na siku usipotania, nitaona tofauti gani?"

Akapanda baiskeli yake, akatangulia.

Sipingi teknolojia, wapo kitakaowafaa sana. Ila dada zangu, kabla hamjauliza madhara, ulizeni namba ya siri ya hiyo app atakaa nayo nani.

Mimi nabaki na kijiti changu kisicho na kitufe. Nikipitisha kidole nakisikia, kipo. Kukitoa, lazima mkono niupeleke mwenyewe.

Naandika kwa simu ya dada yangu, anaidai hapa. Wenye wake na wenye waume, semeni ukweli: kwenu hiyo app ingekaa kwenye simu ya nani?